Yaani kirusi ni MIMI? Fundi wa kompyuta mnayemjua kanivua nguo mbele ya mama mkwe

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikiruka mnisamehe.

Wa Mtwara mjini nyote mnamjua, sitaji. Yule mwenye feni inayolia kama bata anachinjwa, ana kiti kimoja cha wateja na hicho kimoja kaweka kava za simu. Huyo huyo. Leo saa tano asubuhi, mbele ya foleni ya watu 7, mbele ya MAMA MKWE WANGU ambaye ndo kwanza nimemtoa kliniki Ligula, kanitazama juu mpaka chini akasema: "Mzee wangu, kompyuta yako haina kirusi. Kirusi ni wewe."

Kirusi ni mimi! Na ndevu zangu hizi!

Mwezi uliopita nilimpelekea kompyuta ya mezani ya nyumbani. Watoto wanasomea, mama watoto ndo mweka hazina wa vikoba, anaandikia hisa. Nikamwambia niwekee antivairasi nzuri. Akaniwekea TATU. Kama mganga anayechanganya mizizi mpaka mgonjwa asijue kaponywa na upi. Zote za kukraki, yaani za wizi, hazijalipiwa. Fayawoli akaizima, eti "inakula bando". Sh 45,000 ikanitoka. Tangu siku hiyo nawasha, naoga, naswali, nakunywa chai na mihogo, narudi bado kinazunguka kiduara. Jana ikachomekwa flashi ya vikoba, mafolda yote yakageuka shotikati. Hisa za akina mama 24! Mweka hazina hajafungua mdomo tangu jana, na mimi ndo nalala naye chumba kimoja.

Leo nimerudi kwa ustaarabu kabisa, sauti sijapandisha, nauliza tu "fundi, hii imekuwaje", naambiwa kirusi ni mimi. Foleni ikacheka. Kuna dogo alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe hakucheka, na hilo ndo limenimaliza. Njia nzima kwenye bajaji kimya. Tumefika Chuno ananiuliza taratibu: "Baba, hicho ulicho nacho, wajukuu zangu hakiwapati?"

Nishaurini antivairasi gani niweke. Ila kwanza nijibuni: KIRUSI NI MIMI?

Binti_Mikindani: Pole sana mkuu Kirusi.

Korosho Ghafi: Nimemwaga uji. Sasa mkwe ulimjibuje, au umemwacha analala na barakoa?

Mzee wa Msimbati: Kwenye ile foleni nilikuwepo. Mtoa mada hajamaliza. Fundi alimuuliza kama alibonyeza lile tangazo la "hongera umeshinda simu". Akajibu alibonyeza mara mbili, kwa sababu ya kwanza haikufunguka.

Mtoa mada: Ya pili alibonyeza mtoto.

Korosho Ghafi: Mkwe aliuliza swali la maana sana.

Fundi Bila Cheti, Lindi: Tuache utani kidogo. Antivairasi mbili zikilinda kwa wakati mmoja zinagombania faili lile lile, kila moja inamwona mwenzake mwizi, na kompyuta ndo inakufa kifo cha mende. Wewe unazo tatu. Toa zote, hasa hizo za kukraki, mara nyingi kraki ndo imembeba kirusi mgongoni. Windows 10 na 11 zinakuja na Defender, antivairasi yao wenyewe, bure, na ukiweka antivairasi nyingine yenyewe inajikalisha pembeni. Fayawoli iwashe leo hii. Ile ni mlinzi wa geti, anaangalia nani anaingia nani anatoka, bando hagusi. Kinachogusa bando ni apdeti, na hizo usizinyime. Flashi USIIFOMATI! Hisa zipo, zimefichwa tu. Safisha kirusi kwanza, kisha fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* hiyo E ukibadilisha kwa herufi ya flashi yako.

Binti_Mikindani: "Safisha kirusi kwanza." Akaoge tena?

Mkanaledi Kwetu: Defender ni ya wavivu. Mimi Kaspersky, antivairasi ya Warusi, tangu niko chuo.

Mchuuzi wa Pweza: Marekani wamepiga marufuku isiuzwe kwao tangu 2024, wewe ndo unamjua zaidi?

Mkanaledi Kwetu: Marekani wana siri za kuibiwa. Yangu ina picha za harusi ya shemeji na PDF ya kufuga kuku. Waje tu, chai ipo.

Ticha Nachingwea: Wengine tuko Windows 7 mpaka leo na haijawahi kuugua hata mafua.

Fundi Bila Cheti, Lindi: Ticha, hiyo Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020. Hata Windows 10 nayo Oktoba 2025. Wewe huugui kwa sababu hutoki nje, huna intaneti.

Ticha Nachingwea: Intaneti ya nini wakati umeme ukirudi unarudi na hasira? Pawa saplai mbili zimeshaungua, ya pili nililipia kwa hela ya korosho.

Mzee wa Msimbati: Ticha usinikumbushe. Gesi inachimbwa nyuma ya nyumba yangu, mimi nanunua mishumaa.

Mchuuzi wa Pweza: Bora mshumaa. Mimi friji likizima masaa sita pweza wananuka mtaa mzima, majirani wananiitia mjumbe.

Mtoa mada: Wakuu turudi kwenye mada. Huyu fundi aniombe radhi au asiniombe?

Korosho Ghafi: Hela ya korosho umeshapata Ticha? Ya msimu upi hiyo?

Ticha Nachingwea: Ya msimu uliopita mkuu, ya huu naisikia redioni tu. Kuna mtu anauza UPS iliyotumika, lile betri la kushikilia kompyuta umeme ukikatika, Masasi au Nachingwea? Isiwe imekaa vumbini.

Mkanaledi Kwetu: Ninayo. Vumbi kidogo tu. Njoo inboksi.