Mtambo wa kisasa wa majitaka umegeuka dimbwi la uvundo, na wahusika wanarushiana mpira

Wanajamvi, heshima kwenu. Nimevumilia tangu masika, lakini sasa nimefika mwisho.

Mtambo wa kusafisha majitaka uliojengwa katika kijiji chetu kwa ajili ya soko, kituo cha afya, shule ya bweni na kaya zipatazo 200 umesimama, na majitaka yanapita humo kama yalivyoingia hadi kwenye kijito ambacho sisi tulio bondeni tunakitumia kumwagilia mchicha. Siku ya uzinduzi tulichinjiwa ng'ombe, tukaambiwa kwamba vijiji vingine vitakuja kujifunza kwetu.

Kwa wasioufahamu, mtambo wenyewe ni wa tope hai na utando. Bakteria hula uchafu ndani ya tangi, nao huishi kwa hewa inayopulizwa na mashine za umeme usiku na mchana; kisha maji hufyonzwa kupitia utando wenye vitundu vidogo kiasi kwamba bakteria hawapenyi. Ubora wa teknolojia hiyo siubishii hata kidogo. Ninachobisha ni kuileta mahali ambapo umeme hukatika kila wiki, kwa sababu kupuliza hewa peke yake kunaweza kula nusu ya umeme wote wa mtambo wa namna hiyo, na hewa ikikosekana kwa siku kadhaa bakteria hufa, tope huoza, na kazi ya kuwakuza upya huchukua wiki nyingi. Utando nao huziba, ukahitaji kuoshwa kwa klorini na asidi ya sitriki. Kijana aliyefundishwa kazi hiyo kwa siku nne amekwisha kuhamia mjini, na simlaumu, kwani hakuwa akilipwa.

Chombo chetu cha watumia maji, ambacho mimi ni mjumbe wa kamati yake, kilikabidhiwa mzigo huu bila kuonyeshwa hesabu ya uendeshaji. Fedha zote tunazokusanya kwenye vilula kwa mwezi hazitoshi kununua Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, ya mtambo.

Linaloniudhi kuliko yote ni hili: sehemu kubwa ya gharama ilikwenda kwenye hatua ya kuondoa naitrojeni na fosforasi. Hatua hiyo ina maana pale maji yanapoishia ziwani, ambako virutubisho hivyo hustawisha mwani na magugu. Maji yetu yanaishia kwenye matuta ya mboga! Yaani tulilipia umeme wa kuondoa mbolea ndani ya maji, halafu mkulima yuleyule akaenda dukani kununua urea. Mlaji wa mchicha anahitaji kukingwa dhidi ya mayai ya minyoo, ambayo Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2006 linataka yasizidi moja kwa lita, na mayai hayo huzama yenyewe chini maji yakitulia siku za kutosha bwawani.

Katika mkutano mkuu wa kijiji tuliomba mabwawa ya kusafishia majitaka badala ya mtambo, na eneo tukalitoa. Jua na mwani hufanya kazi yao bila Luku, na tope huzolewa baada ya miaka kadhaa. Morogoro wanayo pale Mafisa, Dodoma wanayo Swaswa. Mtaalamu mmoja akatujibu, huku akicheka, kwamba hayo ni mambo ya kizamani. Eneo tulilotoa sasa limeota michongoma.

Nimeandika barua tatu. Mkandarasi anasema muda wa uangalizi umekwisha, ofisi iliyosimamia inasema mali ni ya kijiji, na wafadhili walipiga picha wakaondoka.

Ninadai mambo mawili. Kwanza, hati ya makabidhiano iwekwe hadharani, tumwone aliyethibitisha kwa saini yake kwamba kijiji kina uwezo wa kuendesha mtambo huu. Pili, maji yanayotoka yapimwe, kwa kuwa kanuni za nchi za mwaka 2007 zinataka BOD, yaani kipimo cha oksijeni ambayo bakteria huitumia kuozesha uchafu uliomo majini, isizidi miligramu 30 kwa lita, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kabla mboga za msimu huu hazijaanza kwenda sokoni.