Mwanangu kazaliwa na baka kubwa jeusi mgongoni, naambiwa ni kansa. Naombeni ushauri

mama_wa_uyole: Habari za jioni wapendwa. Nina binti wa miezi mitatu, tuko Uyole, Mbeya. Alizaliwa na baka jeusi kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Lina vinyweleo, ngozi yake ina mikunjo, na mapajani ana vidoa vingi vya rangi hiyohiyo. Ananyonya vizuri na anacheka. Mama mkwe anasema nilikaa nje mwezi ulipopatwa nikiwa mjamzito. Jirani anasema ni kansa, nimpeleke kwa mganga Tukuyu akaliunguze kwa dawa. Usiku silali. Kuna mwenye uzoefu?

mnyalu_halisi: Pole sana dada. Kuunguza usithubutu.

tabibu_nyanda: Hongera kwa mtoto, mama. Kwa maelezo yako hilo ni baka la kuzaliwa la seli za rangi ya ngozi. Chanzo ni badiliko la jeni, mara nyingi ile ya NRAS, linalomtokea mtoto mwenyewe akiwa tumboni. Hukumrithisha, na mwezi hauhusiki kabisa.

Baka lenyewe siyo kansa, ila hatari ipo na sitakuficha. Baka huitwa kubwa likitarajiwa kufika sentimita 20 au zaidi utu uzimani. Kwa mtoto mchanga, sentimita 6 mwilini au 9 kichwani zinatosha kulihesabu hivyo. Kwa mabaka ya namna hii, wanaopata melanoma, yaani kansa ya seli hizo za rangi, hukadiriwa kuwa asilimia 2 hadi 5. Hatari hupanda baka likipita sentimita 40 na kukiwa na vidoa vingi pembeni, kama kwa binti yako, na mara nyingi huja utotoni. Kwa hiyo nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo Mbeya, uombe daktari wa ngozi. Wakikupa rufaa ya hospitali ya KCMC, Moshi, nenda. Pale kuna kituo kikubwa cha magonjwa ya ngozi.

Uliza pia kuhusu kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili, cha kichwa na uti wa mgongo. Seli hizo wakati mwingine hukaa hata kwenye ubongo, na picha husomeka vizuri zaidi kabla mtoto hajatimiza miezi sita. Akitapika mfululizo, akipata degedege au kichwa kikikua haraka, usisubiri tarehe ya kliniki.

mama_wa_uyole: Asante sana daktari. Je, wakilikata lote si hatari inaisha?

tabibu_nyanda: Haiishi. Seli zinaweza kuzama mpaka kwenye mafuta na misuli, na melanoma yenyewe inaweza kuanzia kwenye ubongo. Upasuaji upo, hufanywa kwa awamu, lakini ni uamuzi wa kupima na daktari bila haraka.

baba_makambako: Dada, wa kwangu anasoma darasa la pili, lake liko kiunoni. Tulichofundishwa ni kutumia vidole kuliko macho, maana uvimbe unaweza kuanzia chini ya ngozi. Kila akioga, mama yake anampapasa taratibu kutoka juu kwenda chini. Kikitokea kinundu kigumu kinachokua, kidonda kisichopona au damu, hospitali siku hiyohiyo. Aliwahi kuota kinundu, wakakata kinyama kikapimwa, hakikuwa kansa. Si kila kinundu ni kansa, lakini aseme maabara, siyo jirani.

Linakauka na kuwasha, hasa Juni na Julai, tunapaka mafuta ya mgando. Na baridi ya kwenu isikudanganye: mko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, jua la huko ni kali. Mfunike kwa nguo. Halafu piga picha leo, weka rula pembeni, upate cha kulinganisha.

mama_wa_uyole: Ndaga fijo, asanteni sana, Mungu awabariki. Jumatatu naenda. Na chanjo ya wiki ya 14 je? Wanachoma pajani penye vidoa.

tabibu_nyanda: Apewe kama kawaida, mama. Mwambie nesi achague sehemu isiyo na doa.