Faneli yatoa utitiri wachache kutoka shamba la mkonge: kosa ni la shamba au langu?

Mwanafunzi, Muheza
Habari za kazi, ndugu zangu. Nalinganisha wanyama wadogo wa udongo wa shamba la mkonge na wa kichaka kilicho kando yake. Nilichimba kwa bomba lenye kipenyo cha sentimita 5, nikaufikicha udongo juu ya wavu wa faneli (chombo cha kuwakusanya wanyama wa udongo, taa juu na chupa ya spiriti chini), nikawasha balbu ya wati 100 kwa siku mbili. Kichakani nimepata utitiri na kolembola (vijidudu vya udongo visivyo na mabawa) tele, ilhali sampuli ya mkonge imetoa watano tu, na mchanga mwingi ndani ya spiriti.

Fundi wa maabara, Tanga mjini
Kabla ya kulilaumu shamba, itazame balbu. Faneli haimtoi mnyama. Hutoka mwenyewe akiukimbia ukavu unaoshuka kutoka juu, na ukavu ukimfikia ghafla, kolembola mwenye ngozi laini hufia humo humo. Berlese wa Italia aliipasha faneli joto kwa maji ya moto mwaka 1905, Tullgren wa Sweden akaleta balbu mwaka 1918, lakini subira ni ile ile: anza na wati 25, taa ikiwa mbali, uisogeze kidogo kidogo kwa siku 5 hadi 7. Udongo usiufikiche, bali kipindue kipande kizima, upande wa juu uelekee chini, wapite katika vijia vyao wenyewe. Mchanga nao utapungua. Tena, kwa unyevu wetu wa pwani, acha upenyo wa hewa, kwani matone yakijikusanya ndani ya faneli huwanasa.

Mwalimu mstaafu, Korogwe
Hayo ni kweli, ila mayai na waliozubaa hawatembei. Vipande vichache vya udongo vikoroge katika maji yenye magnesiamu salfeti (aina ya chumvi) nyingi, nao wataelea. Huelea pia vipande vya majani, kwa hiyo udongo wa kichakani utakuchosha kuuchambua. Njia yoyote utakayoichagua, itumie pande zote mbili, la sivyo utakuwa unalinganisha njia, si udongo.

Mwanafunzi, Muheza
Shikamoo, mwalimu. Kolembola wakielea juu ya spiriti, nawahesabuje?

Mwalimu mstaafu, Korogwe
Marahaba. Tia tone la sabuni, watazama. Kisha chora mistari chini ya kisahani, uhesabu safu kwa safu chini ya hadubini. Bomba lako lina eneo la sentimita za mraba 19.6, hivyo kila mmoja huhesabiwa kama 509 hivi kwa mita ya mraba. Ukiwapoteza wawili ukingoni mwa kisahani, umepoteza zaidi ya elfu moja.