Mrejesho: ile diski iliyokuwa ikikwama, picha zimepatikana

Jamani, ni mimi niliyeuliza juu ya diski ya nje ya terabaiti 1 iliyokuwa ikikwama na kutoa mlio, yenye picha za harusi ya dadangu. Mlinikataza kuiendeshea chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Asanteni, kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe!

Fundi mmoja wa mjini alitaka kuifungua palepale mezani, kwenye vumbi. Nikaichukua nikaondoka.

Nilinunua diski nyingine huko Digo Road, nikawasha laptopu kwa mfumo wa Linux (badala ya Windows) kutoka kwenye flashi, nikanakili yote kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Huchukua kwanza sehemu zinazosomeka, halafu hurudia zilizogoma. Usiku wa pili stima ikapotea, na betri ya laptopu ilikufa zamani. Nikasema basi, kwisha. Kumbe ddrescue ina faili ya ramani inayoweka kumbukumbu ya ilipofikia, kazi ikaendelea ilipoachia. (Feni niliielekezea diski, mimi nikalala na joto letu la Mombasa.)

Picha nimezitoa kwenye nakala kwa PhotoRec, programu ya kuokoa picha zilizopotea. Karibu zote zimerudi, ila majina ya faili yamepotea, tunazipanga moja moja na mama. Video mbili zimekataa kabisa kufunguka.