Wakuu, waya za spika unazifungaje zikae imara bila kuua teminali za amplifaya?

Mla_Besi:
Wakuu habari za jioni. Nina amplifaya ya mtumba niliitoa Kariakoo, nyuma ina zile teminali za kuzungusha, nyekundu na nyeusi. Fundi aliyekuja kunifungia alikaza kwa plaizi mpaka kichwa kimoja cha plastiki kikapasuka, ananiambia "hapo ndo imekaza sasa". Haikuchukua muda waya ukachomoka wenyewe, maana watoto wanapita nyuma ya meza kutwa nzima halafu spika moja ipo barazani, kila mlango ukifunguliwa waya unavutwa. Spika zenyewe zina vile vibanio vya springi vya kubonyeza. Sasa nauliza, nichomelee risasi kwenye ncha za waya? Ninunue zile plagi za banana, vile vijiti vya chuma vya kuchomeka? Nipo Tanga, msinitajie duka la mtaa wa kwenu.

Kibarua_wa_Mtaa:
Chomelea risasi mkuu, nyuzi zikishikana hazitawanyiki tena, mchezo umeisha.

Mzee_Transista:
Mchezo haujaisha, ndo unaanza. Risasi ni laini, ukiibana chini ya skrubu inabonyea taratibu kadiri siku zinavyokwenda, leo imekaza, baada ya muda unakuta inacheza na spika inakwaruza. Kwenye vibanio vya springi hapo sawa, maana springi inaendelea kusukuma yenyewe, ila kwenye za kuzungusha weka shaba tupu.

Halafu huyo fundi asiguse tena mashine yako. Teminali za kuzungusha zinakazwa kwa vidole, basi. Ukiweka plaizi unazungusha na ule mhimili wa ndani, na mashine nyingi mhimili umechomelewa moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo ukiuzungusha unang'oa njia ya shaba kule ndani, chaneli inakufa huku kwa nje panaonekana pazima kabisa. Shika teminali uitikise kidogo, kama msingi wake unacheza kwenye bati, usiwashe mpaka ifunguliwe.

Mla_Besi:
Shikamoo mzee. Nimetikisa, msingi haujacheza, ni kile kichwa tu kimepasuka. Sasa nachubuaje?

Mzee_Transista:
Marahaba. Zima mashine na uchomoe kwenye umeme kwanza. Chubua kama sentimita 1, isizidi sana, na usichubue kwa meno maana unakata nusu ya nyuzi bila kujua, na zilizobaki ndo zinakatika siku waya ukivutwa. Sokota nyuzi kwa kufuata ule msokoto wake wa asili. Zungusha kichwa mpaka uone tundu kwenye chuma cha ndani, pitisha waya humo, kaza kwa vidole. Plastiki ya waya iishie mlangoni mwa tundu, isiingie ndani, maana ukibana plastiki utadhani umekaza kumbe shaba inaelea. Kisha chukua tochi uangalie kama kuna uzi hata mmoja umetoka kuelekea teminali ya jirani. Uzi mmoja ukigusa nyekundu na nyeusi ni shoti, mashine yenye ulinzi itajizima, hizi za mtumba za zamani zisizo na ulinzi zinaunguza transista za kutolea sauti.

Bi_Spika:
Mimi naona watu mnahangaika bure, banana ndo jibu. Ni za milimita 4, zinaingia teminali nyingi za kuzungusha, unachomeka unachomoa bila kuchosha skrubu. Angalia kwenye ncha ya kichwa cha teminali, mara nyingi kuna kizibo kidogo cha rangi ileile, kitoe kwa pini, tundu la banana lipo chini yake. Watu wengi wanakaa na mashine miaka hawajui kama lile tundu lipo.

Kibarua_wa_Mtaa:
Banana si ndo zinachomoka kirahisi zaidi dada? Yeye ana watoto.

Bi_Spika:
Bora ichomoke plagi kuliko kung'oka teminali. Na sijasema waya uachwe unaning'inia, dawa ya kuvutwa haipo kwenye teminali. Funga waya kwenye mguu wa meza kwa kizipu, acha ulegee kidogo kati ya hapo na mashine, mtoto akikanyaga anavuta meza. Wa barazani upitishe juu ya fremu ya mlango, usiubane kwenye bawaba.

Mpwani_Halisi:
Ongezea hapo, Tanga ni chumvi tupu hewani. Shaba iliyochubuliwa barazani inaota ukijani na sauti inapotea kidogo kidogo, watu wanasema spika imechoka. Kata kipande kilicholiwa, chubua upya. Na ukinunua waya kwangua kwa kiwembe, shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani, ile ya alumini iliyopakwa shaba utaona weupe, na inakatika ukiikunja mara chache. Chukua wa milimita 1.5 za mraba (unene wa shaba), barazani kama ni mbali weka 2.5. Ule wa 2.5 unaweza kukataa kwenye kibanio cha springi, usiulazimishe, hapo ndo vinapovunjika. Na usipunguze nyuzi ili uingie, watu wanapenda sana huo ujanja.

Mla_Besi:
Asanteni sana. Moja la mwisho, waya wangu rangi ni moja pande zote, najuaje chanya?

Mzee_Transista:
Papasa kwa kucha, mara nyingi upande mmoja una mfereji au mstari. Hakuna? Chomoa waya upande wa amplifaya, gusisha ncha zake betri ya volti 1.5 sekunde moja tu. Koni ikiruka kuja nje, waya uliogusa chanya ya betri ndo unaenda kwenye nyekundu. Utie alama ya tepu hapohapo. Ukigeuza spika moja haiungui kitu, ila besi inakimbia utabaki unalaumu sabufa.

Bi_Spika:
Na hicho kichwa kilichopasuka tafuta kwenye mashine iliyokufa kwa fundi redio yeyote, ila nenda nacho mkononi, nyuzi za skrubu hazifanani zote.