Msaada: DT 175 imeshika tena, niweke pistoni ya 0.75 au 1.00?

Kapeto wa Mbinga
Habari za jioni wakuu. Nina Yamaha DT 175 ya zamani, zile za tustroki, za kuchanganya oili na petroli. Imeshika, yaani pistoni imekwama ndani ya bloku. Fundi amefungua juu, bloku ina mikwaruzo upande wa ekzosi, na ringi moja imeng'ang'ania kwenye mfereji wake, haichezi hata ukiisukuma kwa bisibisi. Pistoni iliyomo ni ya 0.50, yaani nusu milimita zaidi ya saizi ya kiwandani. Fundi anashauri turuke hadi 1.00 ili ipate nguvu ya milima ya huku. Mimi nilikuwa nawaza 0.75. Kesho asubuhi bloku inakwenda Songea kuchongwa, kwa hiyo naomba majibu ya haraka. Na tafadhali asije mtu kuniambia niuze. Siuzi.

Toyo Jeusi
Uza.

Mchonga Chuma
Mkuu, hapo fundi anakudanganya au anajidanganya. Silinda ya DT 175 ni milimita 66 kwa 50, inakupa cc 171. Ukipanua milimita nzima unapata cc 176 na kidogo. Hizo cc tano hazipandishi mlima wowote. Ongezeko lenyewe liko kwa hatua za robo: 0.25, 0.50, 0.75, 1.00, na ukimaliza hapo unaanza habari za kuweka silivu, yaani bomba jipya ndani ya bloku. Sasa wewe unaruka hatua nzima ya nini? Kama mikwaruzo inatoka kwa 0.75, chonga 0.75, ubakize moja ya akiba.
La pili na la muhimu zaidi: pistoni unayo mkononi? Bloku haichongwi kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Unampelekea fundi pistoni yenyewe, anaipima, anachonga kuifuata. Akimaliza mwambie apige tupa kidogo kwenye kingo za matundu, la sivyo ringi itajikwaa siku ya kwanza.

Mwana wa Grogan
Niaje. Mimi niko Nairobi, hapa Kirinyaga Road, wazee bado wanaiita Grogan. Pistoni za DT zinapatikana, lakini angalia sana, kuna zingine ringi zake hazilingani na zile pini ndogo za mfereji. Budangu alikuwa na moja, alikuwa anaenda nayo Machakos kila Ijumaa. Siku moja ikashika karibu na Athi River, akaiacha ipoe akinunua mahindi ya kuchoma, akapiga kiki, ikawaka, akafika. Alirudia hivyo mwaka mzima. Alikuwa anaita "kupumzisha ng'ombe".

Mama Pacha
Kijana samahani, naomba kuuliza. Kichwa cha uzi kinasema imeshika TENA. Ndani hujaeleza hiyo "tena". Ilishika mara ngapi?

Kapeto wa Mbinga
Dada, ni pikipiki ya zamani, kushika ni kawaida yake. Mimi swali langu ni 0.75 au 1.00 tu.

Mzee Spana
Kawaida yake si kushika. Nimefungua hizi injini tangu miradi ya maji na afya ikizigawa kwa maofisa wa wilaya, na nyingine zilikwenda miaka bila kuguswa bloku. Ile 0.50 iliwekwa lini?

Kapeto wa Mbinga
Shikamoo mzee. Haina muda mrefu sana.

Mzee Spana
Marahaba. Taja mwezi.

Kapeto wa Mbinga
Machi.
Na ile ya 0.25 ilikuwa Desemba. Lakini mzee, fundi wangu si mbabaishaji. Mara zote mbili alifanya kazi kamili: pistoni, ringi, gasketi, kusaga valvu, plagi mpya. Risiti ninazo.

Toyo Jeusi
Desemba pistoni, Machi pistoni, Mei pistoni. Hiyo si pikipiki, ni mtoto wa bweni. Kila muhula ada.

Mama Pacha
Nilijua. Watoto wa siku hizi mnaulizwa homa ilianza lini mnasema "nipe dawa tu". Mdogo wangu hivyo hivyo, alipeleka gari gereji mara nne akificha kwamba lilitumbukia kwenye maji. Aibu ya nini? Fundi si padri.

Mzee Spana
Tuendelee. Pampu ya oili, ile ya pembeni upande wa kulia, inasukuma?

Kapeto wa Mbinga
Iliondolewa Desemba. Fundi alisema pampu za zamani zinasaliti injini bila kukuambia, bora kuchanganya mwenyewe kwenye tangi. Na humu wengi mmeshawahi kuandika hivyo hivyo, msinigeuke sasa.

Mchonga Chuma
Hatukugeuki. Kuchanganya mwenyewe ni sawa kabisa, ukichanganya. Kipimo gani?

Kapeto wa Mbinga
Kifuniko.

Mchonga Chuma
Kifuniko cha nini?

Kapeto wa Mbinga
Cha chupa ya maji. Kimoja kwa lita. Naweka oili namba 40 ya kawaida. Ile nyekundu maalumu huku haipatikani kila siku, na hata hivyo oili ni oili, zote zinateleza.

Mchonga Chuma
Nimenyanyuka kitandani kwa ajili yako. Nimechukua kifuniko cha chupa ya maji na bomba la sindano la dawa ya mtoto, nimepima. Hakifiki mililita 8. Lita moja ya petroli kwa kipimo cha 1 kwa 40 inataka mililita 25. Kwa hiyo ulikuwa unaipa chini ya theluthi moja, tena ya oili ambayo haikutengenezwa kuungua. Ile pistoni ilikuwa inapanda na kushuka kavu.

Kapeto wa Mbinga
Lakini mbona kuanzia Aprili niliongeza hadi vifuniko vitatu na bado imeshika?

Mchonga Chuma
Aprili uliongeza. Ungesema hivyo tangu mwanzo nisingeamka.

Ngoro Boy
Mimi nitachangia kitu kingine. Kama unashuka nayo kwenda Mbamba Bay, ule mteremko ndio muuaji. Injini hii inalainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli. Ukifunga mafuta kabisa ukaiachia gia izuie mwendo, injini inazunguka kwa kasi huku haipewi petroli, maana yake haipewi oili. Ukifika ziwani imeshika. Mimi nashuka nimebana klachi, au kila baada ya kona natia mafuta kidogo iloweke. Nilijifunza kwa gharama ya pistoni moja na safari ya kurudi juu ya lori la dagaa.

Kijiti cha Gia
Wakuu, poleni, mnapoteza usiku wenu. Hii ni CHAI. Someni post yake ya nne. "Kusaga valvu." Injini ya DT haina valvu za kusaga! Haina kamshafti, haina rokaamu, hewa inaingia na moshi unatoka kwa matundu ya silinda. Huyu hajawahi kuona hiyo pikipiki ikifunguliwa. Kakopi stori ya injini ya gari. Ndiyo maana anatoa maelezo kidogo kidogo, anayatunga kadiri tunavyouliza.

Toyo Jeusi
Nililetewa kikombe nikajua ni cha wageni kumbe ni chai ya uzi. Sukari kiasi gani?

Mwana wa Grogan
Haki hata mimi niliruka hiyo line. Valvu kwa tustroki? Na budangu nimemtaja bure.

Mchonga Chuma
Tuwe waangalifu. Kuna ridi, vile vibati vyembamba vilivyo nyuma ya kabureta, wengine huziita valvu. Lakini hizo hazisagwi. Unaangalia kama zimepasuka au zimeachia mwanya, unabadilisha, basi. Mleta uzi, tuletee picha.

Kapeto wa Mbinga
Picha mtandao unagoma kupanda. Naandika risiti ya Machi neno kwa neno kama ilivyo:
"Pistoni na ringi 1. Gasketi seti. Plagi. Kusaga valvu 2 — 30,000. Ufundi 40,000."
Mimi ni mwalimu wa historia. Nikiambiwa injini ina valvu mbili nitabisha kwa ushahidi gani?

Kijiti cha Gia
Nafuta neno. Samahani mwalimu.
Si wewe uliyetupikia chai. Uliinunua, elfu thelathini, ukanywa na vitafunwa.

Toyo Jeusi
Na Desemba alizisaga tena? 😂

Kapeto wa Mbinga
Desemba iliandikwa "kubana valvu". 20,000.

Mama Pacha
Pole sana baba. Elfu hamsini ya vitu ambavyo havipo. Naomba Mungu anisamehe, nimecheka hadi wanangu wameamka.

Mzee Spana
Acheni kumcheka, nina swali moja tu nililotaka tangu mwanzo, mkaniingilia na mteremko na vifuniko. Mwalimu, kabla haijashika, ikishapata moto, silensa, yaani mzunguko wa injini bila kutia mafuta, ilikuwa inapanda yenyewe? Umeachia mafuta kabisa lakini injini inaendelea kulia juu kama imeng'ang'ania?

Kapeto wa Mbinga
Ndiyo mzee! Umejuaje? Ilikuwa inalia kama nzi aliyefungiwa chupani. Fundi akapunguza skurubu ya silensa, akasema kabureta ni ya zamani.

Mzee Spana
Sikiliza. Injini hii inavuta hewa na petroli kupitia tumboni, chini ya pistoni, ndipo mchanganyiko unasukumwa juu kuungua. Kwa hiyo tumbo lile lazima lisivuje hata pumzi moja. Kranki ina sili mbili, mipira ya kuzuia kuvuja, kushoto nyuma ya magneto, kulia upande wa klachi. Ya kulia ikifa utajua: inavuta oili ya giaboksi, moshi mweupe, na oili inapungua bila kumwagika chini. Ya kushoto ikifa huoni moshi wala tone. Inavuta hewa tupu. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, silensa inapanda, joto linapanda, pistoni inavimba, inashika upande wa ekzosi kwa sababu huko ndiko kwenye moto zaidi. Unaweka pistoni mpya, nayo inakufa kwa ugonjwa ule ule. Hata ungetia oili kikombe kizima.
Kifuniko chako kilisaidia kuua ile ya 0.25. Hii ya 0.50 nadhani ni sili.
Usipeleke bloku Songea kesho. Rudisha bloku na pistoni hiyo hiyo mbovu. Ziba tundu la ekzosi kwa kipande cha tyubu na bati, funga plagi, shusha pistoni chini kabisa. Kwenye mpira wa kabureta funga kizibo chenye valvu ya baiskeli (hii ni valvu ya kweli). Toa magneto kwa pula yake, ole wako upige nyundo. Pampu hadi psi 6, zikizidi 10 utazing'oa sili mwenyewe. Pakaza povu la sabuni kila mahali. Ikae dakika sita bila kushuka. Na ukiwa hapo, shika konrodi uivute juu na chini. Kucheza pembeni kidogo ni sawa. Ikigonga juu na chini, hata kidogo, kranki inataka kazi kubwa na maneno ya pistoni yaahirishwe.

Kapeto wa Mbinga
Mzee nakushukuru. Sasa naomba niseme ukweli uliobaki, msinipige. Bloku kweli ilikuwa iende Songea, lakini pia nimeshatoa 200,000 ya kianzio kwa injini ya Mchina ya cc 150. Fundi alisema hii ikigoma tunachomelea ile kwenye fremu. Niliona ni busara kuwa na mpango wa pili. Pikipiki si yangu, ni ya mzee wangu, alikuwa bwana shamba, ameizungukia kahawa ya Umatengo yote. Yuko Dar kwa dada, anarudi mwisho wa mwezi. Nilifikiri akikuta inawaka, inatosha.

Mama Pacha
Mzee aliyeipanda miaka yote hiyo akute inalia mlio wa bodaboda? Atajua akiwa bado getini.

Kijiti cha Gia
Na namba ya injini iko kwenye kadi, mwalimu. Askari wa kwanza atakayeilinganisha utampa somo gani la historia?

Kapeto wa Mbinga
Sijachomelea bado. Nimesema kianzio.

(siku tatu baadaye)

Kapeto wa Mbinga
Mrejesho. Nimepampu mwenyewe na kijana wa jirani, fundi sikumuita. Povu lilianza kuchemka nyuma ya magneto kabla sijafika psi 4. Kulia kimya kabisa. Sili niliyoitoa ni ngumu kama kokwa la embe, mdomo wake haubonyei. Konrodi haigongi. 0.75 nimeagiza Gerezani, Dar, inakuja na basi kesho, bloku itaifuata. Kianzio nimerudishiwa 120,000, nyingine ameita "usumbufu".

Mchonga Chuma
Badilisha na ya kulia ukiwa humo humo. Klipu za pini mpya, usirudishe za zamani. Mshale wa pistoni uelekee ekzosi. Na nunua kikombe cha kupimia.

Mama Pacha
Na mzee umemwambia?

Kapeto wa Mbinga
Alipiga simu jana usiku. Akauliza mvua, akauliza kahawa, akauliza mbuzi. Halafu akasema: "Ile sili ya kushoto uliibadilisha? Niliiacha kwenye bati la misumari, juu ya kabati." Nimekwenda kuangalia. Ipo, kwenye pakiti yake.