Sarafu na vyuma vya kale vinavyookotwa na wananchi Kilwa: tuviwekee kumbukumbu vipi?

Mwalimu_Masoko aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, assalaam alaykum na habari za jioni.

Ninafundisha historia katika shule moja ya sekondari wilayani Kilwa. Tangu wanafunzi wajue kwamba napenda mambo ya kale, wamekuwa wakiniletea vitu ambavyo wazazi wao huviokota: visarafu vyembamba vya shaba, vyenye upana wa sentimita mbili hivi na maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, vipande vya bangili, na mara nyingine bonge la chuma lililoliwa na kutu kiasi kwamba huwezi kujua kama lilikuwa jembe au kisu. Wengine huvipata wakati wa palizi au wanapotifua shamba la ufuta, na akina mama wanaochokoa pweza huviona mchangani baada ya bahari kula ukingo wa pwani.

Kinachonisumbua ni kwamba vitu hivi havikai. Mnunuzi wa vyuma chakavu akipita na mizani yake, shaba ya miaka 600 inapimwa pamoja na nyaya za umeme na makopo. Wapo pia watu wanaokuja kuulizia "pesa za Washirazi", wanalipa kidogo, wanaondoka, na hatujui zinakwenda wapi. Mimi sitaki kugeuza nyumba yangu kuwa makumbusho, wala sina uwezo wa kununua chochote. Ninachotaka ni daftari ambalo mtaalamu akilifungua atalitumia. Je, niandike mambo gani kwa kila kitu, nitoe taarifa kwa nani, na nifanyeje ili mwananchi aliyeokota asione kwamba kuja kwangu ni kujipeleka polisi?

Mhifadhi_Mstaafu alijibu:

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nimefanya kazi ya uhifadhi kwa muda mrefu katika pwani hii, na swali lako nimelisubiri kwa hamu, kwa sababu watu wengi huuliza bei ya kitu kabla ya kuuliza habari zake.

Nianze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayowatisha watu bila sababu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa ni kale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa na mwanadamu kabla ya mwaka 1863. Anayekutana na kitu cha namna hiyo anatakiwa kutoa taarifa bila kuchelewa kwa kiongozi wa utawala wa eneo lake, kwa Idara ya Mambo ya Kale yenyewe, au kwa mhifadhi wa makumbusho, na kukilinda kisiharibike. Kinachohitaji kibali ni kuchimba kwa makusudi na kusafirisha vitu vya kale nje ya nchi. Kwa hiyo mama aliyeokota sarafu ufukweni na kukuletea hajavunja sheria, ameanza kuitimiza. Mweleze hivyo waziwazi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji ikiwezekana, kisha andika barua fupi kwa ofisi ya mtendaji ili daftari lako lijulikane tangu mwanzo. Nakala moja ipeleke kwa wahifadhi waliopo Kilwa, nyingine Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Sasa tuje kwenye daftari. Jambo la kwanza ni mahali, na nitakaa hapa kwa sababu ndipo kumbukumbu nyingi zinapokufa. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa hazina mwaka. Upande mmoja una jina la sultani, kama vile Ali bin al-Hasan au al-Hasan bin Sulaiman, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu yanayofuata vina vya jina hilo. Sarafu yenyewe haitakuambia ilipigwa lini wala ilitumika mpaka lini. Udongo ilimolala, na vitu vilivyolala pamoja nayo, ndivyo vitakavyosema. Wataalamu walipofukua lundo la sarafu zaidi ya 300 zilizofukiwa ndani ya nyumba katika mji wa kale wa Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa, waliweza kuona ni sarafu za masultani gani zilizokuwa zikitumika pamoja, kwa kuwa zilitoka katika tabaka la udongo linalojulikana. Laiti lundo hilo lingeletwa sokoni ndani ya kopo, lingebaki kuwa shaba tupu yenye majina.

Mfano mwingine. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Morry Isenberg, aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye ufuko wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, pamoja na nne za Kiholanzi. Alizihifadhi bila kujua ni nini, na zikatambuliwa mwaka 1979. Hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko, kwa sababu hakuna aliyetazama mchanga ule siku ile. Linganisha na sarafu moja tu ya al-Hasan bin Sulaiman iliyopatikana Great Zimbabwe miaka ya mwanzo ya 1970. Hiyo inajulikana ilipotoka, na leo kila anayeandika juu ya dhahabu iliyopita bandari ya Sofala kuja Kilwa huitaja.

Kwa hiyo mwombe aliyeokota akupeleke mpaka pale pale. Simu yako ikuonyeshe viwianishi, yaani namba za GPS za mahali hapo, uviandike kwa tarakimu tano baada ya nukta, ambazo zinafikia kama mita moja, ingawa simu yenyewe inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Kwa sababu hiyo ongeza maelezo ya kawaida: hatua ngapi kutoka mbuyu au kisima, upande gani wa njia, kina gani kwa kupima na mpini wa jembe. Eleza kama palikuwa na vigae, ushanga, mifupa, majivu au mavi ya chuma, yaani masazo ya kuyeyusha chuma. Mavi ya chuma usiyadharau hata kidogo, maana watu wa Kilwa walikuwa wakifua chuma chao wenyewe kabla hawajawa na sultani wa kupiga sarafu, na bonge moja zito jeusi linaweza kuonyesha mahali palipokuwa na tanuri.

Baada ya mahali, kipe kila kitu namba yake peke yake, namba isiyorudiwa hata kitu kikipotea. Iandike kwa penseli kwenye kikaratasi kinachokaa pamoja na kitu, kamwe usiiandike juu ya kitu chenyewe. Piga picha pande zote mbili na ukingo, rula ikiwa kando, na mwanga uje kutoka ubavuni, kwa mfano dirishani asubuhi, ili herufi zilizofifia zitupe kivuli. Kisha kipimo cha upana, unene na uzito. Mwalimu wa madrasa anaweza kukusaidia kusoma, lakini mwombe anakili herufi anazoziona tu, pamoja na mapengo yake. Msomaji hodari hujaza jina lote akishaona herufi tatu, na hapo ndipo Sulaiman bin al-Hasan anapogeuka kuwa al-Hasan bin Sulaiman.

Na tafadhali, mtu yeyote asisafishe chochote.

Sonara_LindiMjini alijibu:

Nikazie hilo la mwisho, kwa kuwa wanaosafisha huanzia kwetu masonara. Watu husugua sarafu kwa ndimu na majivu, au kuilaza ndani ya ukwaju usiku kucha, na asubuhi inang'aa kama kitasa kipya. Maandishi ya sarafu ya kale mara nyingi yamebaki ndani ya ile ngozi ya kijani, si kwenye shaba iliyo chini yake. Ukiiondoa ngozi, umeondoa jina la sultani. Vilevile msiruhusu mtu aikwaruze kwa tupa au kuitia asidi ili kujua kama ni dhahabu. Kwa uzito, njooni na sarafu dukani kwa sonara yeyote mnayemwamini. Mizani zetu za kielektroniki hupima hadi sehemu ya mia ya gramu, na sidhani kama yupo atakayewatoza kwa kazi ya dakika mbili.

Jambo la kuangalia kwa makini ni unga mwepesi wa kijani hafifu unaochipuka katika vidoti na kudondoka ukiugusa. Huo si ile kutu ya kawaida iliyotulia. Ni chumvi ya baharini inayoendelea kuila shaba kila hewa inapokuwa na unyevu, na pwani yetu ina unyevu mwaka mzima. Sarafu ya namna hiyo itengwe na nyingine, iwekwe kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na ipelekwe kwa mtaalamu mapema. Chuma nacho kikaushwe kivulini na kiachwe na udongo wake. Bonge ambalo jicho haliwezi kulitambua, picha ya eksirei huweza kuonyesha umbo lililomo ndani.

Binti_Mikindani alijibu:

Shikamoo Mzee Mhifadhi, na asanteni nyote. Mimi ni mwanafunzi wa akiolojia, nyumbani ni Mikindani, na nina hofu kuhusu suala moja ambalo halijaguswa. Viwianishi vya tarakimu tano ni hazina kwa mtafiti, lakini ni ramani kwa mchimbaji. Huku kwetu Mtwara watu wamechimbua misingi ya majengo ya zamani wakitafuta mali za Mjerumani, wengine wakiwa na mashine za kutambua metali. Orodha ya Mwalimu ikisambaa kwenye makundi ya simu, mashamba ya wazazi wa wanafunzi wake yatajaa mashimo kabla mtaalamu hajafika.

Nchini Uingereza, kwa England na Wales, kuna mpango uitwao Portable Antiquities Scheme ulioanza mwaka 1997, ambao umesajili vitu zaidi ya 1,500,000 vilivyopatikana na wananchi, vingi vikiwa vya metali. Maafisa wake hukutana na waliookota katika maeneo yao, hukipima na kukipiga picha kitu, na mara nyingi humrudishia mwenyewe. Kwa umma huonyesha eneo kwa upana wa kilomita moja ya mraba au zaidi. Mahali halisi huonwa na watafiti walioruhusiwa. Sisemi tuige kila kitu, kwa sababu kule mwenye mashine anaruhusiwa kutafuta akipewa idhini na mwenye shamba, na sheria yetu ya kuchimba ni tofauti. Hilo la kuficha mahali halisi, hata hivyo, tungelichukua kama lilivyo. Mwalimu awe na daftari mbili: moja yenye namba, picha, vipimo na jina la kata tu, ambayo hata wanafunzi wataiona, nyingine yenye viwianishi na majina ya waliookota, ambayo itafungiwa na kuonyeshwa kwa wahusika peke yao.

Ningeomba pia usikatae rupia na hela za Wajerumani au pesa za Sultani Barghash kwa kuwa ni za baada ya 1863. Ziandike. Na reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha, isikudanganye kwa mwaka 1780 ulioandikwa juu yake, kwani iliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo kwa vizazi vingi.

Mhifadhi_Mstaafu alijibu:

Marahaba, binti yangu. Nakubaliana nawe juu ya daftari mbili, isipokuwa kwa sharti moja: ile ya siri isiwe nakala moja. Nimeona kumbukumbu nzuri zikiliwa na mchwa ndani ya kabati la ofisi, na vitu vikabaki havina kwao. Nakala zikae sehemu mbili tofauti, na mojawapo iwe kwa mamlaka.

Kuhusu mashine za kutambua metali, Mwalimu, usizikaribishe shuleni hata kwa kufundishia. Mwenye mashine huchimba panapolia, na kila shimo hukata tabaka za udongo kama zile ambazo mwanaakiolojia Neville Chittick na wenzake, waliofukua Kilwa Kisiwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, walizifunua kwa kijiko na brashi.

Mwalimu_Masoko alijibu:

Nawashukuru sana. Kesho nitamwona mtendaji wa kijiji na barua, na daftari nitazichora jinsi Binti Mikindani alivyoeleza. Sarafu mbili kati ya nilizoonyeshwa zina unga wa kijani kama alivyousema Sonara. Nimewaomba wenyewe wazitenge leo leo. Limebaki swali moja kwa Mzee Mhifadhi. Familia moja ina sarafu saba walizorithi kwa bibi, na wanajua tu kwamba zilitoka kisiwa cha Sanje ya Kati. Je, niziingize kwenye daftari hilohilo au nizitenge?

Mhifadhi_Mstaafu alijibu:

Ziingize hukohuko, lakini kwenye nafasi ya mahali andika "kwa mujibu wa familia", na maneno ya bibi yaandikwe kama yanavyosimuliwa, pamoja na jina la aliyekusimulia na tarehe. Waulize pia kama zilikuwa ndani ya chungu au zilifungwa kitambaani, na kama chungu hicho bado kipo.